Samaki wa Harusi ya Mirelle

Hakuna samaki mwekundu aliyewahi kupita mbele ya boti yangu nisimtaje. Andika hapo, piga na mhuri. Kama unadhani natia chumvi, nenda kaulize gatini Bayu Sandri, kusini kabisa mwa Luiziana, pale barabara inapochoka na kuingia majini. Watakwambia Tavi Chaisson mdomo wake hauna breki, kanisani anachelewa, wali anaunguza. Lakini mpandishe kwenye jukwaa la nyuma ya boti, mpe upondo mkononi, halafu samaki atikise mkia mbali huko, utatajiwa mpaka anachofikiria.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mvuvi anasimama puani mwa boti na fimbo ndefu nyepesi, na kwenye ncha ya mshipi kuna chambo cha manyoya ambacho hata ukikidondosha kwenye sahani hakilii. Mimi niko nyuma, juu ya jukwaa, nasukuma kwa upondo kwenye maji ya magotini. Injini imezimwa na kuinuliwa. Yule wa puani yuko chini mno, anachoona ni mng'aro tu. Mimi naona mpaka kwenye tope. Pua ya boti tunaihesabu kuwa kumi na mbili, kama uso wa saa, kwa hiyo nikisema, "Kumi, futi arobaini, anakuja," mtu anarusha kushoto kidogo, mahali ambapo yeye haoni chochote. Anarusha kwa sababu nimesema. Kanisani sijaona imani kama hiyo.

Basi, kujisifu kumekwisha. Nikupeleke kwenye Ijumaa moja ya Novemba, siku moja kabla Mirelle Authement hajaolewa.

Nyumba ya kina Mirelle ina bibi, na bibi ana sheria. Anaitwa Bibi Eulalie, kimo chake hakizidi meza ya jikoni, na sheria yake ni hii: mwanamume anayeoa katika nyumba yake alete samaki mwekundu aliyemvua kwa mkono wake mwenyewe, kwa manyoya, kama alivyofanya marehemu mumewe. Samaki huyo anaingia kwenye mchuzi wa harusi, ule mzito wa nyanya ambao Bibi anausimamia mwenyewe mpaka unakuwa na rangi ya matofali. Bila samaki hakuna mchuzi. Bila mchuzi Bibi hatoki kwenda kanisani. Wageni hucheka wakisikia hivyo, mpaka waambiwe habari za shangazi Verna, ambaye mchumba wake alileta samaki wa dukani. Bibi alimnusa yule samaki, akapanda ngazi, akafunga mlango wa chumba chake. Shangazi Verna aliolewa bila mama yake kuwepo. Mpaka leo watu wakitazama picha ya ile harusi wanashusha sauti.

Na Mirelle amelelewa na Bibi huyo tangu akiwa mchanga. Alishasema mbele ya watu: "Bibi asipokuja, mimi siingii kanisani. Nitakaa kwenye gari na gauni langu mpaka petroli iishe." Mirelle hana tabia ya kusema maneno ya kujazia hewa.

Bwana harusi alikuwa Wendell, mtu wa milima ya Tenesi, aliyekuja kwetu kufunga pampu za kutolea maji nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko. Mrefu, mpole, masikio yanaungua na jua hata wakati wa baridi. Kuvua kwa manyoya alikuwa anajua, ila alijifunzia kwenye mito ya huko kwao, ambako samaki akiuma unainua fimbo juu. Kwetu ukiinua fimbo umemtoa samaki chambo mdomoni, kisha unamtazama anavyoondoka. Kwetu fimbo unamwelekezea samaki mwenyewe, kisha unavuta mshipi kwa mkono wa pili, moja kwa moja, kama unayetoa ndoo kisimani. Mirelle alimfundisha barazani kwa kumfunga mbwa wao kamba na kumrushia kipande cha soseji. Mbwa alikimbia, Wendell akainua fimbo. Mbwa alikimbia tena, Wendell akainua tena. Ilifika mahali mbwa akakaa chini, akakataa kazi.

Alhamisi jioni Mirelle akaja chini ya ngazi zangu.

"Tavi."

"Bi harusi."

"Kesho unampeleka Wendell."

"Kesho nina mafua."

"Hujapiga hata chafya."

"Yanaanza kesho asubuhi. Nayafahamu."

Hakucheka. "Amehangaika wiki tatu. Kaenda na mjomba Curlis, mjomba akasinzia akiwa juu ya jukwaa. Kaenda na binamu, wakabishana habari za mpira mpaka samaki wakahama. Nimebaki na wewe. Wewe ndiye mwenye macho."

"Na yeye ana nini?"

"Ana mimi," akasema. "Tavi, kwa hili usinifanyie mzaha. Nakuomba."

Hilo neno 'nakuomba' sikuwahi kulisikia kwake. Tumekua nyumba mbili zinazotazamana, zote zimepandishwa juu ya nguzo kwa ajili ya mafuriko, ukifungua dirisha asubuhi unaona jirani yako anavyopiga mswaki. Watu wamezoea kusema sisi ni kaka na dada. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wao.

Nikamwambia mafua yameahirishwa.

Asubuhi wakaja wote wawili. Wendell alikuwa amebeba fimbo yake kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

"Shwari, shemeji," akaniambia.

Ndivyo anavyoniita, shemeji. Kwa kuwa mimi ni kaka wa Mirelle, unaona. Hana nia mbaya. Kila akisema ni kama mtu anayekupigapiga begani kwa upendo mahali ulipoungua.

"Shwari. Umelala?"

"Nimeota mbwa."

"Alikuumiza?"

"Alinicheka."

Nikamwona Mirelle anageuza uso asitabasamu. Akaingia botini na chupa ya kahawa na mkoba wa soseji za wali, akakaa juu ya boksi la barafu katikati. Nikamwuliza yeye anakuja kufanya nini.

"Kuhakikisha hamzungumzi mpira."

Jua lilikuwa mgongoni kwangu, maana ndivyo inavyotakiwa ili macho yaingie majini. Kwa kuwa ilikuwa baridi na Mirelle alitaka kuota jua, akakaa akiwa amenielekea mimi, mgongo wake kwa Wendell. Nikazima injini tulipofika kwenye mabwawa ya nyuma, kule ambako zamani babu zetu walikuwa na mashamba na sasa kuna miti mikavu iliyopauka kwa chumvi imesimama majini. Upepo haukuwepo. Maji yalikuwa safi kama glasi ya chai ambayo hujatia maziwa.

Nikasukuma taratibu. Wendell alikuwa puani, mshipi ameukunja vizuri miguuni, manyoya yameshikwa kwenye vidole. Alisimama vizuri, siwezi kumsingizia.

Samaki wa kwanza nilimwona kabla kahawa haijapoa.

Alikuwa kwenye ukingo wa majani, upande wa kumi na moja, anakula kaa. Mgongo wote ulikuwa nje ya maji, rangi ya shaba iliyosuguliwa, na mkia ukainuka, na lile doa lake jeusi likanitazama kama jicho. Kimo chake kilikuwa kile kile sheria ya uvuvi inachoruhusu, si mdogo, si mkubwa wa kurudishwa. Alikuwa anakuja kwetu. Hata mbwa wa kina Mirelle angemvua.

Nikafungua mdomo.

Sasa sikiliza. Sikupanga. Usiku nililala nimeamua kuwa mtu mwema, na asubuhi nilichana nywele kwa ajili ya wema huo. Lakini kati ya mimi na yule samaki alikuwa amekaa Mirelle, mikono ameipasha kwenye kikombe, unywele mmoja umenata pembeni mwa mdomo na yeye hajui. Nikawaza: nikisema neno moja tu, "kumi na moja", basi kesho saa hizi anaingia kanisani. Nikinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua kwamba kulikuwa na neno la kusemwa. Nampenda yule mtu. Nimempenda tangu siku ambazo sikujua kwamba hicho kitu kina jina, na sijawahi kumwambia kwa namna ambayo mtu anaweza kuisikia.

Nikafunga mdomo. Nikachomeka upondo upande wa kulia, nikageuza pua ya boti polepole kama ninayekwepa kisiki. Samaki akapita kushoto kwetu, karibu kiasi kwamba niliona macho yake. Akaendelea na kaa wake.

"Kuna kitu, shemeji?" Wendell akauliza bila kugeuka.

"Bado wamelala," nikasema. "Ni Ijumaa, wanajiandaa na wikendi."

Akacheka. Mirelle akanywa kahawa.

Ukishanyamaza mara ya kwanza, ya pili haikuulizi chochote. Nikaona wawili wanaogelea pamoja kwenye mfereji mdogo, nikasema nadhani ni mikizi tu. Nikaona mmoja amelala tuli kama gogo chini ya mti mkavu, nikasema tuhamie bwawa lingine, hili limekufa. Na katikati nilikuwa naongea. Mungu wangu, niliongea. Nilimhadithia Wendell kuhusu padri wetu aliyebariki boti za kuvulia kamba akatumbukia majini akiwa na kitabu. Nilimwigiza mjomba Curlis anavyokoroma huku amesimama. Wendell alicheka mpaka mshipi ukamponyoka. Sijawahi kuchekesha vile maishani. Kumbe mtu akiwa anaiba, ulimi unakuwa mwepesi.

Mirelle tu ndiye hakucheka sana. Nilidhani ni wasiwasi wa harusi.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Mimi? Hapana." Akanitazama. "Wewe je? Mafua yamefika?"

"Yako njiani."

Mchana tukala soseji za wali, boti imeegeshwa kwenye majani. Wendell alikula kidogo. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Bibi yako atanisubiri barazani?" akamwuliza Mirelle.

"Ameshachemsha nyanya."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana."

Wendell akaweka chini soseji yake. "Mirelle, nisipopata..."

"Utapata."

"Nisipopata, ingia tu kanisani. Mimi nitaenda kumwomba Bibi. Nitapiga magoti kwenye ngazi zake hata kutwa nzima."

"Bibi hajali magoti ya mtu," Mirelle akasema. "Mumewe Verna alipiga magoti mpaka suruali ikatoboka. Na mimi siwezi kuingia nikamwacha yule mwanamke amekaa peke yake na sufuria. Alinifundisha hata kufunga viatu. Siwezi, Wendell. Unajua siwezi."

"Najua."

Mimi nilikuwa nasafisha upondo ambao haukuwa mchafu.

Tulipoondoka pale jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa pili. Nikaizungusha boti ili lirudi mgongoni kwangu, na Mirelle naye akajigeuza juu ya boksi lake, akanielekea tena. Lilikuwa limebaki bwawa moja la maana kabla mwanga haujawa mbaya. Nikasukuma bila kuongea. Hadithi zilikuwa zimeniishia.

Wendell ndiye aliyezungumza. Alisema bila kugeuka, macho yakiwa bado majini, kama mtu anayesali akiwa amesimama.

"Shemeji, nataka ujue kitu. Leo tukirudi mikono mitupu, nitamwambia kila mtu kosa ni langu. Nitasema nilipata nafasi nikazichezea. Sitaki mtu aseme Tavi hakuona samaki."

Nikaendelea kusukuma.

"Mirelle ameniambia mengi juu yako. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha kujua mkia wa samaki na wimbi la upepo. Mimi sina kaka. Kwa hiyo..." Akakohoa. "Basi tu. Ahsante kwa leo."

Angenitukana ingekuwa afadhali. Angejivuna, angesema tunawachukulia mwanamke wenu, ningesukuma ile boti mpaka Meksiko. Lakini jitu lile refu, masikio mekundu, lilikuwa limesimama pale linaomba radhi kwa samaki ambao mimi nimewaficha. Nikamtazama Mirelle. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha kikombe kitupu, anazungusha tu. Nikamwona kesho amekaa kwenye gari na gauni. Haji kwangu. Hilo nililiona vizuri kuliko samaki yeyote wa siku ile. Hata Bibi asipotoka, hata petroli iishe, hatashuka kwenye lile gari kuja kwangu. Atakaa na kulia tu, na kilio kitakuwa kazi ya mikono yangu.

Mkia ukainuka mbele yetu.

"Moja," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyeamshwa. "Wendell, namba moja. Futi hamsini. Anakula. Subiri."

Mgongo wake ukakakamaa. "Simwoni."

"Usimwone. Subiri. Arobaini na tano. Rusha."

Akarusha. Haikuwa nzuri, mshipi ulitua kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba, lakini manyoya yakaangukia mbele ya pua ya samaki.

"Vuta kidogo. Kidogo tena. Kakiona. Anakuja. Anakuja..."

Maji yakavimba kwa kitu kizito, mshipi ukakaza, na Wendell, mtoto wa milimani, akainua fimbo juu kabisa kuelekea mbinguni.

Manyoya yakaruka yakanasa kwenye kofia yake. Samaki akaondoka, akaacha moshi wa tope.

Wendell alibaki ameshika fimbo juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Halafu mabega yakaanza kushuka.

"Wendell," nikasema. "Nisikilize mimi. Unamkumbuka mbwa?"

"Namkumbuka."

"Msahau. Safari hii sitaki ufikirie mbwa, sitaki ufikirie harusi, sitaki ufikirie Tenesi. Nikisema vuta, mkono wa kulia unakufa. Ufe kabisa. Unavuta na wa kushoto mpaka kiwiko kipite mgongoni."

"Na kama hakuna mwingine?"

"Yupo," nikasema. "Leo wapo wengi."

Hilo lilinitoka. Nikaendelea kusukuma. Na nilimtafuta yule samaki kama vile mimi ndiye ninayeoa. Nilipekua bwawa lile inchi kwa inchi. Pale majani yalipofanya kona nikaona kivuli kirefu kinajongea taratibu, kisha mgongo wa shaba, kisha doa.

"Kumi. Futi sitini, nitakusogeza. Usirushe." Nikasukuma kwa ncha za vidole. "Hamsini. Arobaini. Anageuka. Sasa."

Akarusha. Kidogo kando, lakini samaki mwenye njaa hana maringo. Nikaona anavyogeuka, anavyoongeza mwendo, anavyofungua mdomo mweupe.

"Vuta."

Mkono wa kulia ukafa. Wa kushoto ukavuta mpaka kiwiko kikampita mgongoni, karibu ampige Mirelle aliyekuwa ameshasimama, na bwawa zima likachemka.

Sitakuhadithia mapigano. Samaki alikimbia, Wendell akamwachia, samaki akazunguka, Wendell akamzungukia. Mwisho Mirelle alipiga magoti ukingoni akamwingiza na wavu. Alimpima kwenye ule upande wa boksi wenye alama. Alikuwa halali, na hakuwa na doa moja tu kama wenzake, alikuwa na matatu mkiani, kitu ambacho Bibi Eulalie anakiita baraka na mimi nakiita rangi tu. Wendell alikaa chini kwenye sakafu ya boti, akaweka kichwa magotini. Mirelle akamkumbatia hivyo hivyo, mikono imejaa ute wa samaki, na boti ikayumba kulia, ikayumba kushoto. Mtu aliye juu ya jukwaa kazi yake ni kusawazisha. Nikachomeka upondo kwenye tope, nikasawazisha.

Gatini watu walikuwa wanatusubiri. Bibi Eulalie alisimama barazani, aproni imejaa nyanya. Wendell alipanda ngazi na samaki mikononi, akamnyooshea. Bibi akamnusa. Akamfungua shavu akatazama ndani. Akahesabu madoa. Kisha akamtazama Wendell kwa muda ambao ungetosha kumpara magamba.

"Umemvua mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nani aliyesukuma?"

"Mimi, Bibi," nikasema kutoka chini.

"Mbona kutwa nzima? Wewe huwa hufiki mchana."

"Maji yalikuwa machafu, Bibi. Samaki wamechelewa kutoka."

Bibi akatikisa kichwa. "Novemba mbaya hii," akasema. Akamshika Wendell mkono, akamwingiza jikoni, na watu wote wakawafuata wakicheka. Nikasikia mafuta yanachachatika kwenye sufuria.

Mimi nikabaki nasafisha boti. Ni kazi inayohitaji umakini, hasa ukitaka ichukue muda mrefu. Nilikuwa najiambia: imekwisha, umefanya jambo jema, na lile baya limezama na hakuna aliyeliona. Wendell alikuwa anatazama mbele na hakuona kitu. Mirelle alikuwa ameyapa maji mgongo. Nilikuwa nimeshaanza hata kujipongeza.

Mbao za gati zikalia. Mirelle akaja akasimama pembeni ya boti, mikono kwenye mifuko ya koti.

"Wanakuita ule."

"Nakuja."

"Maji yalikuwa machafu?"

"Sehemu sehemu."

"Ungeweza kusoma gazeti chini ya maji yale."

"Wewe gazeti husomi, unaangalia vikatuni."

Hakucheka. Alisubiri nimalize kusugua mahali palepale nilipokwisha kusugua.

"Yule wa kwanza alikuwa upande gani?" akauliza.

"Wa kwanza alikuwa namba moja. Yule aliyeinuliwa fimbo."

"Namaanisha wa kwanza, Tavi. Asubuhi. Kahawa ilikuwa bado ya moto."

Nikaweka brashi chini. "Hukuona kitu asubuhi. Hukugeuka hata mara moja."

"Samaki sikumwona hata mmoja," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Ukiona samaki kidevu chako kinapanda. Kinapanda kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina lake, na magoti yanalegea. Uko hivyo tangu tukiwa watoto. Leo kikapanda, mdomo ukafunguka, halafu ukafungwa. Nikasema nimekosea. Kikapanda tena, ukasema mikizi."

Sauti za jikoni zilikuwa zinatufikia. Wendell alikuwa anaulizwa na watu kumi, na yeye anaeleza kila kitu na kuinua mikono.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Nilitaka useme wewe mwenyewe. Nilijipa mpaka bwawa la mwisho. Usingemtaja yule, ningesimama nichukue upondo mkononi mwako, nimtafutie mwenyewe."

"Atajua?"

"Wendell? Hapana. Anakupenda mno. Sitamnyang'anya hilo."

Nikatazama maji.

"Na ile siku kwenye boti ya marehemu baba yako," akasema polepole. "Mwaka juzi, kabla ya pampu kuja. Uliposema tuoane ili tupunguze gharama za boti. Kidevu kilipanda vilevile. Nikasubiri, Tavi. Nilisubiri kweli, nilikuwa na jibu. Halafu ukacheka. Ukacheka kwa nguvu, ukanipiga bega, ukasema laiti ningeiona sura yangu."

"Nilikuwa natania," nikasema.

Alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hata sasa kimepanda," akasema. "Kishushe, Tavi. Bibi yuko dirishani, anatutazama."